"Mama ameacha vidonge kwa sababu ya andiko": Biblia isomwe neno kwa neno lini?

Ujumbe uliingia asubuhi, nikiwa bado nasoma bei za kahawa. Ulitoka kwa msikilizaji wa kijiji kimoja kando ya ziwa, kati ya Mbamba Bay na Lituhi. Ninauandika hapa kama ulivyokuja, ila nimetoa jina:

"Dada habari za kazi. Mama yangu ana presha mwaka wa sita sasa. Mwezi huu ameacha vidonge. Kwenye maombi wamemwambia mwenye imani kama punje ya haradali hahitaji dawa. Nimemwonyesha Biblia yangu, yeye ananionyesha yake. Mstari ni uleule. Nimjibu nini?"

Zilikuwa zimebaki dakika mbili kufika taarifa ya habari, na swali kama hilo halijibiwi kwa dakika mbili. Nikamwomba anipe siku chache. Mimi ni mtangazaji, si padre wala mchungaji, na sitaki mtu aseme redio imeanza kuhubiri. Lakini kusoma ni kazi yangu, na hili kwanza ni swali la kusoma: maneno yaleyale, watu wawili, maana mbili, na katikati yao kuna mama ambaye presha yake inapanda bila yeye kuisikia. Hiyo ndiyo hatari ya presha. Mara nyingi haiumi. Mtu anaacha vidonge, wiki inapita yuko mzima, anashukuru kwamba amepona, kumbe mwili unaelekea kwenye kiharusi.

Tuanzie nyumbani. Ukisikia mzee fulani amekula chumvi nyingi, humkimbizi zahanati apimwe presha. Unaelewa ni mtu mzima, ameona mengi. Ukiambiwa jirani ana mkono wa birika, huendi kuangalia kiganja chake. Hakuna aliyetufundisha hayo darasani. Tumekua tunasikia, na sikio limezoea kujua lini neno linasimama lilivyo na lini limebeba neno jingine mgongoni. Watu wa Biblia nao walikuwa na lugha zao, Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki, na walizungumza kwa mafumbo kama sisi. Shida ni kwamba mafumbo yao yametufikia baada ya miaka elfu mbili na zaidi, na sikio letu halikukulia kule.

Hata waliokuwepo walikosea. Hili huwa linanifurahisha, maana Injili zenyewe hazikulificha. Katika Yohana sura ya 3, Nikodemo, mwalimu mzima, anaambiwa habari za kuzaliwa mara ya pili, naye anauliza mtu mzima atarudije tumboni kwa mama yake. Sura inayofuata, mwanamke Msamaria anasikia habari za maji yaliyo hai, na anachowaza ni ndoo na kina cha kisima. Katika Mathayo 16 Yesu anawaonya wanafunzi juu ya chachu ya Mafarisayo, na wao wanaanza kunong'onezana kwamba wamesahau kubeba mikate. Mara zote tatu aliyekosea ni yule aliyechukua neno kama lilivyo, akaishia hapo.

Sasa twende kwenye haradali. Yesu anaitaja kama mbegu ndogo kuliko zote. Mkulima yeyote wa tumbaku kule Namtumbo atakwambia mbegu ya tumbaku ni ndogo zaidi, ukiipulizia tu imepotea. Je, Yesu alikosea? Hapana. Tumbaku ilitoka Amerika, wakulima wa Galilaya hawakuijua, na haradali kwao ilikuwa msemo wa kitu kidogo, kama sisi tunavyosema "hata chembe". Hakuwa anafundisha elimu ya mimea. Na mlima? Walimu wa Kiyahudi walimwita mtu hodari wa kufafanua mambo magumu "mng'oa milima". Mitume waliponya, walihubiri, walifungwa, lakini hatusomi popote kwamba mmoja wao alihamisha mlima wa mawe na udongo. Milima ya Umatengo ipo palepale, na kuna watu wa imani kubwa wanaoipanda kila siku wakiwa na jembe begani.

Lakini jambo nililotaka yule binti aone zaidi ni jingine. Katika Mathayo 17, neno la punje ya haradali liliambiwa nani? Baba mmoja alimleta mwanawe mwenye kifafa kwa wanafunzi, wakashindwa kumponya. Yesu akamponya. Kisha wanafunzi wakamfuata faraghani kuuliza kwa nini wao walishindwa, na hapo ndipo wakaambiwa kwamba imani yao ni haba. Waliolaumiwa ni waombeaji. Mtoto mgonjwa hakuambiwa neno lolote kuhusu imani yake. Marko, sura ya 9, anaongeza kwamba baba wa mtoto alikiri waziwazi kwamba imani yake ina upungufu, na mtoto akapona hivyohivyo. Kwa hiyo mtu akiuchukua mstari huu na kumwambia mgonjwa "hujapona kwa sababu huna imani", ameugeuza kichwa chini miguu juu. Na hapo hatujaingia hata kwenye mafumbo. Tumesoma tu mistari ya juu na ya chini yake.

Vipi kuhusu dawa yenyewe? Wengi hunitumia Yakobo 5:14, mahali wazee wa kanisa wanapoambiwa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Soma neno kwa neno kabisa: hakuna mahali palipoandikwa aache dawa. Na mafuta ya mizeituni zama zile yalikuwa pia dawa. Msamaria mwema katika Luka 10 alimimina mafuta na divai kwenye majeraha ya yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, kisha akampeleka mahali pa kuuguzwa na kulipa gharama. Mfalme Hezekia alipougua jipu karibu ya kufa, aliomba akilia, akaahidiwa kuongezewa miaka kumi na mitano, na bado Isaya akaagiza lipakwe bonge la tini juu ya jipu (Isaya 38). Maombi na dawa, siku ileile, nabii yuleyule. Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia aongeze kufunga. Wenye Biblia ya Kikatoliki wana pia kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinachosema tabibu aheshimiwe na kwamba dawa zimetoka ardhini kwa mpango wa Mungu.

Halafu angalia historia yetu wenyewe. Hospitali ya Litembo ni ya Kanisa Katoliki. Ya Mtakatifu Anna pale Liuli ni ya Waanglikana. Peramiho ilianzishwa na watawa Wabenediktini. Kwa mkoa huu, walioleta kitabu ndio walioleta na sindano. Kama kitabu kingekataza dawa, nadhani wangekuwa wa kwanza kuliona katazo hilo.

Liuli inanikumbusha mtu mwingine. Shemasi Mkuu William Percival Johnson, Mwingereza, alifika Afrika Mashariki mwaka 1876 na misheni ya UMCA, akatumia karibu maisha yake yote kwenye mwambao wa Nyasa, mara nyingi akisafiri kwa meli za misheni. Ugonjwa wa macho ulimpofusha jicho moja kabisa na kuliacha la pili likiona kwa shida. Mtu huyo ndiye aliyetafsiri Biblia kwa Kinyanja cha mwambao huu. Alifariki Liuli mwaka 1928 na kaburi lake liko palepale, watu hulizuru. Huwa najiuliza alivyokaa na karatasi zile karibu kabisa na uso, akitafuta neno la mtu wa ziwani kwa kitu cha mtu wa Yerusalemu. Mfasiri halikwepi swali letu hata siku moja. Kila mstari lazima aamue: niache picha kama ilivyo, au niseme maana yake?

Mfano unao mdomoni kila siku. Mkatoliki akisali Baba Yetu anaomba mkate. Mwanglikana, Mlutheri au Mmoravian akifungua ile Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952, kwenye Mathayo 6 anakuta riziki. Kigiriki kinasema mkate. Waliotafsiri kwa riziki waliona kwamba mtu anayekula ugali wa muhogo kwa usipa hamwombi Mungu mkate wa dukani, wakatufafanulia picha kabla hatujaifikia. Walioacha mkate walitaka tuione picha wenyewe, na pia tukumbuke mkate wa altareni. Mimi sioni mmoja amemsaliti mwenzake. Na sijawahi kusikia mtu wa Lituhi akilalamika kwamba ameomba mkate akapewa muhogo.

Hata neno bahari. Tunasoma bahari ya Galilaya, na mtoto wa Mbamba Bay anawaza kitu kikubwa kuliko Nyasa. Ile "bahari" ni ziwa la maji baridi, urefu wake kama kilomita 21 na upana 13. Nyasa ina zaidi ya kilomita 550. Luka mwenyewe, katika sura ya 5, aliliita ziwa. Ukilijua hilo, hadithi ya Petro kuvua usiku kucha bila kupata kitu inasogea karibu sana na wewe. Mvuvi wetu aliyerudi alfajiri na taa imekwisha mafuta, wavu mtupu, hahitaji mtu wa kumfafanulia. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kila kitu kwenye Biblia ni mfano tu. Usipojua kwanza wavu ni nini, usiku ni nini na uchovu ni nini, fumbo la "wavuvi wa watu" litakupita. Maana ya ndani inakua juu ya maana ya nje, kama kahawa inavyokua juu ya shina lake. Ukikata shina hupati buni.

Sasa, mpaka uko wapi? Hapa niseme ukweli ambao baadhi yenu hamtaupenda: hakuna dhehebu linalosoma kila kitu neno kwa neno, na hakuna linalosoma kila kitu kwa mafumbo. Mkatoliki anachukua maneno ya karamu ya mwisho kama yalivyo, kwamba ni mwili na ni damu. Ndugu zetu wengi wa makanisa ya kipentekoste wanasema hapo ni ishara. Lakini tukifika kwenye kunena kwa lugha na kutoa pepo, walewale wa ishara wanasema ni kama ilivyoandikwa. Mwaka 1529 pale Marburg, Ujerumani, Martin Luther na Ulrich Zwingli walikutana wakashindwa kupatana juu ya neno moja dogo, "ni". Inasimuliwa kwamba Luther aliyaandika maneno ya karamu kwa chaki mezani ili asiyumbishwe. Wote wawili walikuwa wasomi, na wote waliipenda Biblia.

Mwafrika mmoja aliacha kanuni ambayo bado inafanya kazi. Augustino, askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430, aliandika kitabu kizima juu ya namna ya kusoma Maandiko. Kwa ufupi anasema: kama maneno yakichukuliwa yalivyo hayaendani na kumpenda Mungu na jirani, basi ujue ni lugha ya mafumbo, tafuta zaidi. Aliwaonya pia Wakristo wasiitumie Biblia kusema mambo ya ovyo kuhusu dunia na mbingu mbele ya watu wanaoyajua, maana wataifanya imani kuwa kichekesho. Karibu na zama zetu, mwaka 1993, Tume ya Kipapa ya Biblia ilitoa waraka uliokosoa waziwazi usomaji unaong'ang'ania herufi na kusahau kwamba maandiko yaliandikwa na watu, mahali fulani, kwa mtindo fulani wa lugha.

Kung'ang'ania herufi kumeua watu. Huko Marekani mhubiri George Hensley, mwanzoni mwa karne iliyopita, alisoma mwisho wa Injili ya Marko kuhusu kushika nyoka, akaanza kuwashika ibadani na wengi wakamfuata. Aliumwa na nyoka akafa mwaka 1955. Mistari ile haimo kabisa katika baadhi ya nakala za kale zaidi za Marko, na Biblia nyingi za siku hizi huweka alama hapo. Paulo naye aliumwa na nyoka kule Malta, akapona, lakini alikuwa anaokota kuni. Hakumtafuta.

Karibu zaidi, mnakumbuka Shakahola, Kilifi, kwa jirani zetu wa Kenya. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo wengi, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alishtakiwa na amekana mashtaka. Miaka minne kabla, mhubiri huyo alikuwa amekamatwa kwa kupinga Huduma Namba, ile ya utambulisho, akiihusisha na alama ya mnyama ya Ufunuo 13. Usidhani hayo ni ya Kenya tu. Tuliposajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, simu za kipindi chetu zilijaa swali hilohilo, na chanjo ya korona ilipokuja likarudi. Kitabu cha Ufunuo kimejaa picha tangu mwanzo hadi mwisho: mnyama mwenye vichwa saba, mwanamke aliyevikwa jua, mwanakondoo mwenye macho saba. Wataalamu wengi wanaona ile 666 ni jina la Kaisari Nero likihesabiwa kwa herufi za Kiebrania, na nakala chache za kale zina 616 badala yake. Wasomaji wa kwanza walikuwa wanateswa na Roma. Walijua anasemwa nani, kama sisi tunavyojua bungeni anasemwa nani bila kutajwa jina.

Lakini nisije nikaonekana nawasema upande mmoja. Kuna kosa la pili, na mimi naliona zaidi kwa watu wenye nafasi kuliko kwa wajane. Ni kuchukua andiko lililo wazi na kuligeuza fumbo kwa sababu linauma. Rudi Yakobo 5. Mistari kumi kabla ya yale mafuta, mstari wa 4, anasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji wa mashamba unapiga kelele, na kelele zao zimefika kwa Mungu. Hapa Mbinga huhitaji mtaalamu wa Kigiriki. Msimu wa kuchuma kahawa ukiisha, nenda kijiwe chochote uulize nani bado anadai fedha za madebe aliyochuma. Nimemsikia tajiri mmoja akiwa mgeni wetu studio akisema "mavuno" pale yana maana ya mavuno ya kiroho. Mafuta ya mstari wa 14 anayataka yalivyo, kwenye chupa. Ujira wa mstari wa 4 anautaka wa kiroho. Nilimuuliza kwa nini, akacheka, tukaweka muziki. Ningeuliza tena.

Kwa hiyo nilimwandikia yule binti hivi. Usishindane na mama mstari kwa mstari, maana yeye ni mama na wewe ni mtoto, na hakuna anayeshinda ugomvi huo. Mwombe msome wote wawili Mathayo 17 tangu pale baba anapomleta mwanawe, umuulize: hapa anayelaumiwa ni nani? Kisha msome Hezekia. Kisha mwambie usiku asali kama kawaida, na kidonge kiwe pembeni ya maji. Na kwa kuwa alishaacha wiki kadhaa, asianze tu mwenyewe kwa kukisia. Aende kwanza apimwe, mhudumu amwambie aendelee vipi.

Alijibu baada ya siku tisa. Walisoma. Mama alinyamaza muda mrefu pale kwa Hezekia, akasema hajawahi kuona hayo matini. Wiki hiyohiyo walikwenda kupima, presha ilikuwa juu sana, na mhudumu amemrudishia dawa. Anakunywa usiku baada ya sala, mlango ukiwa umefungwa, na amemwomba binti yake asiwaambie wenzake wa maombi.